Macho, Mato, Matso: Kuhusu Kulinganisha Lugha na Mipaka Yake

Waheshimiwa viongozi wa elimu, walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Nilipokuwa darasa la nne niliandika katika insha kwamba nyanya yangu aliteka hata akatokwa na matozi. Daftari liliporudi, neno aliteka lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu, na pembeni mwalimu ameuliza: "Aliteka nini? Maji?" Neno matozi lilikuwa limekatwa kabisa na juu yake kuandikwa machozi. Nyumbani kwetu, Mombasa, hakuna aliyecheka, sote tuliteka. Hatukuwa na macho, tulikuwa na mato, na tulipoumwa tuliumwa na kitwa. Nililichukua daftari lile kwa nyanya, naye akaniambia nifuate anavyotaka mwalimu shuleni na nirudi na mdomo wangu nyumbani. Nilitii, lakini nilibaki na swali: ikiwa mwalimu aliyaweka maneno yetu kando ya maneno ya kitabu akayaona hayafanani, kwa nini jibu lilikuwa kosa, wala halikuwa ugunduzi?

Swali hilo ndilo lililonileta mbele yenu juma hili, tunapoielekea tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Waandaaji waliniomba nieleze nafasi ya Kiswahili miongoni mwa lugha nyingine. Ombi lenyewe ni ombi la kulinganisha, na kabla ya kulinganisha lugha ni haki tujue kulinganisha kunaweza kutupa nini na hakuwezi kutupa nini.

Lugha yetu ina maneno matatu yanayokaa karibu sana hapa. Kuna kufananisha, yaani kuona au kudai kwamba hiki ni kama kile. Kuna kulinganisha, yaani kuviweka viwili pamoja ili kujua vinapopatana na vinapoachana. Na kuna kushindanisha, yaani kuviweka viwili uwanjani ili kimoja kishinde. Makosa mengi tunayoyafanya kuhusu lugha, kwa maoni yangu, hutokea pale tunaposema tunalinganisha huku mikono yetu inafananisha au inashindanisha. Hata neno kuliko lina la kutufundisha. Tukilifungua tunakuta ku ya mahali, li ya kuwa, na ko ya mahali tena: ni pale kitu kilipo. Anayesema Mwanajuma ni mrefu kuliko Fatuma amempeleka Mwanajuma aliko Fatuma, akawasimamisha juu ya sakafu moja. Pasipokuwa na sakafu moja, sentensi hiyo haiwezi kusimama.

Sasa nirudi kwenye mato ya nyanya. Jirani yetu alikuwa mama wa Kigiriama aliyetuletea mboga asubuhi, na miongoni mwa mboga hizo palikuwa na ile chungu ambayo vitabu vinaiita mchunga. Yeye aliiita mtsunga. Utotoni nilidhani ni namna yake ya kutamka, kama mtu mwenye pengo la jino. Baadaye nilimsikia akisema kwamba mtoto wake anatseka, kwamba matso yanamuuma, kwamba mtsanga umeingia nyumbani, na kwamba kitswa chake ni kizito. Nilipokua na kuyaandika maneno hayo katika safu tatu, safu ya kwanza Kiunguja, yaani Kiswahili cha Unguja, ya pili Kimvita, yaani Kiswahili chetu cha Mombasa, ya tatu Kigiriama, nilipata hivi: macho, mato, matso, kichwa, kitwa, kitswa, kucheka, kuteka, kutseka, mchanga, mtanga, mtsanga. Tazameni safu hizo zinavyokwenda. Palipo na ch kwa Waunguja pana t kwa Wamvita na ts kwa Wagiriama, tena t ile ya Kimvita si t yoyote tu. Ni ile inayotamkwa kwa ulimi kugusa meno, na kwa hiyo Mmvita anapoteka kwa furaha na anapoteka maji kisimani hatamki neno moja, ingawa maandishi ya kawaida hayaonyeshi tofauti hiyo. Mwalimu wangu alipouliza kama nyanya aliteka maji, aliuliza swali ambalo sikio la nyanya lisingeliuliza kamwe.

Huo ndio ulinganishi wenye manufaa. Hautazami kama maneno yanafanana kwa sura. Unatazama kama tofauti zao zina utaratibu. Maneno mawili yakifanana huenda ni bahati tu. Katika jimbo la Queensland, Australia, kulikuwa na lugha inayoitwa Mbabaram ambayo neno lake la mbwa lilikuwa dog, sawasawa na Kiingereza, na lugha hizo mbili hazina udugu wowote. Neno hilo lilitokana na neno la kale gudaga, ambalo sauti zake za mwanzo na za mwisho zilidondoka kadiri miaka ilivyopita. Mtu wa kufananisha angeruka kwa shangwe. Mtu wa kulinganisha angeuliza kama kuna neno la pili na la tatu linalofuata njia ileile, na asingelipata. Kwa upande mwingine, maneno yanaweza kuachana sana kwa sura na yakawa ndugu wa tumbo moja. Macho yetu ni maitho kwa Wakikuyu, amaso kwa Wanyarwanda na amehlo kwa Wazulu, na yote yametoka katika shina moja la kale, kila lugha ikiwa imelipitisha katika mabadiliko yake yenyewe.

Kwa njia hii ya subira wataalamu waliweza kusema tulivyo. Mwaka 1862 Wilhelm Bleek, aliyekuwa akiishi Rasi, huko Afrika Kusini, aliliingiza neno Bantu katika maandishi ya kitaalamu kuwa jina la familia nzima ya lugha, akilichukua katika lugha hizo zenyewe, ambamo watu ni abantu, bantu, andu au watu. Huku kwetu, Johann Ludwig Krapf alikuwa amekwisha fika Mombasa mwaka 1844 na kuhamia Rabai mwaka 1846, akijifunza Kiswahili na lugha za Mijikenda kwa pamoja. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufariki kwake. Kisha zikaja kazi za karne ya 20, hasa za Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, ambao mwaka 1993 waliweka wazi historia ya kundi linaloitwa Sabaki, kwa jina la mto unaoingia baharini karibu na Malindi. Kundi hilo lina Kiswahili, lugha za Mijikenda (Kigiriama na Kidigo zikiwamo), Kipokomo, Kiilwana na lugha za Komoro. Mama yule wa mboga na nyanya yangu, waliokaa barazani wakidhani wanatafsiriana, walikuwa wakizungumza matawi mawili ya mti mmoja.

Nataka nikae kidogo kwenye hesabu, kwa sababu hapo faida na mpaka vinaonekana pamoja. Tunahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano, halafu sita na saba, kisha nane, halafu tisa, kisha kumi. Sita, saba na tisa ni za Kiarabu. Kwa muda mrefu watu walizitazama tarakimu hizi tatu, wakaongeza kitabu, habari, sheria, dini na siasa, wakaongeza pia jina lenyewe, Kiswahili, linalotokana na neno la Kiarabu la pwani, wakahitimisha kwamba lugha hii ni Kiarabu kilichochanganywa na lugha za Kiafrika, na kwamba Mswahili alisubiri jahazi kutoka ng'ambo ndipo aweze kuhesabu kupita tano. Walikuwa na vithibitisho mkononi, tena vya kweli. Kosa lao lilikuwa kwamba waliulinganisha msamiati wa kuazima peke yake, kisha wakaufanya uwe jibu la swali la asili.

Tuwarudie majirani. Wadigo wana tahu kwa tatu, tandahu kwa sita, fungahe kwa saba na chenda kwa tisa. Palipo na t yetu ya pili katika tatu, wao wana h. Kwa hiyo tandahu ingekuwa tandatu kwetu, na fungahe ingekuwa fungate. Je, maneno hayo tunayo? Tandatu limehifadhiwa katika Kiswahili cha kale. Kenda bado limo katika kamusi na katika ushairi, na limo katika jina la Mijikenda, miji tisa. Na fungate, ndugu zangu, hatujaiacha hata leo. Kila bi harusi wa pwani anapokaa ndani siku zile za mwanzo na mumewe, tunasema wapo katika fungate, na wengi wetu tunalisema neno hilo bila kujua kwamba tunataja hesabu: ni siku saba. Saba ya Kiarabu iliingia sokoni na madrasani, ikaikuta fungate imekwisha kaa, ikaisukuma hadi ndani ya chumba cha maharusi, nayo ikabaki humo. Neno lililoazimwa halithibitishi kwamba nyumba ilikuwa tupu. Kuorodhesha maneno ya Kiarabu kusingeweza kutuonyesha jambo hili hata tungeorodhesha maelfu. Ilibidi tupige hodi kwa Mdigo.

Sarufi inasema vivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Mwarabu akiwa na kitabu kimoja na akapata vingine, atasema kutub. Sisi tulilipokea neno lake, tukaisikia ki mwanzoni, tukaiweka pamoja na kiti na kisu, na tangu siku hiyo tunasema vitabu vitatu vimepotea, huku vi ikitembea sentensi nzima. Desturi hiyo haikuisha na Waarabu: pale madereva wa Kiingereza walipoandikiwa wakae kushoto, sisi tulipata kipilefti, na vikiwa viwili ni vipilefti. Atakayesema kwamba wingi wa maneno ya kuazima huamua ukoo wa lugha na aanze na Kiingereza, ambacho baada ya Wanormandi kuivamia Uingereza mwaka 1066 kilijaa maneno ya Kifaransa na Kilatini, na hakuna mwanaisimu anayekiondoa katika familia ya Kijerumani kwa sababu hiyo. Nimeviweka Kiingereza na Kiswahili pamoja kwa makusudi. Ni lugha zisizofanana kabisa, lakini juu ya sakafu hii moja, ya lugha iliyoazima sana ikabaki na mifupa yake, zinalinganishwa vizuri, na kila moja inaisaidia nyingine kueleweka.

Hata ulinganishi uliofanywa na mabingwa una mipaka. Malcolm Guthrie, katika kazi yake kubwa ya lugha za Kibantu, aliigawa ramani katika kanda akazipa herufi na namba. Kiswahili kilipata G42. Kipokomo kilipata E71, na lugha za Mijikenda E72 na E73. Herufi hizo zilikuwa anwani za kupangia kabatini kwa kufuata jiografia na baadhi ya sifa, na kwa kazi hiyo zimefaa hadi leo. Lakini nimewahi kumsikia mwanafunzi mwerevu akieleza kwa uhakika kwamba Kiswahili na Kigiriama si ndugu wa karibu, maana kimoja ni G na kingine ni E. Alikuwa ameisoma anwani kama nasaba.

Na lipo jambo zito zaidi, ambalo ningependa tulizungumze bila kuogopana, kwa sababu pwani hii tumeumizana nalo. Udugu wa lugha si udugu wa damu. Mwezi Machi mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa katika pwani ya Kenya na Tanzania na katika sehemu za bara, wengi wao kati ya karibu mwaka 1250 na 1800. Katika makaburi ya miji kama Manda na Mtwapa, watafiti walikuta kwamba wengi walikuwa na asili ya Kiafrika kukeni, na kuumeni asili ya Asia, hasa Uajemi, na kwamba mchanganyiko huo ulianza karibu mwaka 1000. Baada ya habari hizo kutoka, nilisikia watu wa pande mbili wakishangilia na kulaumiana katika baraza moja. Mmoja alisema: basi sisi ni Waajemi, na wanaisimu walitudanganya. Mwingine alisema uchunguzi wenyewe ni uongo, kwa sababu lugha ni ya Kibantu.

Hakuna aliyedanganya. Tulinganishe sarufi na sauti, tutapelekwa Sabaki. Tulinganishe maneno ya kuazima, tutapelekwa Arabuni zaidi ya kwingine, kwa kuwa maneno ya Kiajemi katika Kiswahili ni machache kuliko ya Kiarabu. Tulinganishe mifupa ya makaburi hayo, kuumeni tutapelekwa Uajemi na kukeni tutabaki hapahapa. Vipimo vitatu, majibu matatu, na kila jibu ni kweli kwa swali lake. Tena hata mifupa ina mpaka wake, kwa maana makaburi yaliyodumu karibu na misikiti ya mawe kwa kiasi kikubwa ni ya watu wenye uwezo, na mvuvi aliyezikwa mchangani hakuacha kaburi la kuchunguzwa. Ninachokiona mimi, na hapa nasema kwa hisia zangu mwenyewe, ni akina mama. Iwapo akina baba walitoka mbali na lugha ikabaki ya hapa, basi waliomfundisha mtoto kusema macho, au mato, walikuwa mama na nyanya zake, na nguvu yao ilikuwa kubwa kiasi kwamba wageni kwa mamia ya miaka waliishia kusema kama wao.

Nije kwenye kushindanisha. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika hapa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha kwa nchi zilizokuwa chini ya Waingereza. Palihitajika tahajia moja na vitabu vya aina moja, na lahaja moja ilipaswa kuchaguliwa. Kiunguja kilikuwa kimekwisha sambaa na misafara hadi bara. Sina ugomvi na uchaguzi wenyewe. Nina ugomvi na kilichofuata vichwani mwetu, pale lahaja iliyochaguliwa kwa ajili ya kazi ilipogeuka kuwa lahaja iliyo bora, na nyingine zote zikawa makosa ya kusahihishwa kwa wino mwekundu. Kimvita, ambacho kimebeba tungo za mashairi zinazosomwa hadi leo, kilishindanishwa katika mashindano ambayo hakikujua kwamba kimeingizwa.

Jambo hilohilo tunalifanya juu ya Kiswahili kizima mbele ya Kiingereza. Nasikia mara kwa mara kwamba Kiswahili hakitoshi kufundishia sayansi kwa sababu kamusi zake ni nyembamba. Hebu tuitazame sakafu. Chukueni mzizi mmoja tu, pik. Tunapata pika, pikia, pikwa, pikiwa, pikika, pikisha, pikiana, na ukigeuza sauti kidogo unapata mpishi, upishi na mapishi. Katika kamusi nyingi za Kiswahili kundi kubwa la hayo hukaa chini ya kidahizo kimoja, yaani neno kuu moja linaloorodheshwa, na mengine hayaandikwi kabisa kwa kuwa kila mzungumzaji anaweza kuyaunda mwenyewe. Anayehesabu vidahizo vya kamusi ya Kiingereza na vya kamusi ya Kiswahili, kisha akatoa hukumu juu ya uwezo wa lugha, amehesabu miti upande mmoja na matunda upande wa pili. Kwamba istilahi za fani kadhaa bado ni chache ni kweli, na ni kazi ya kufanywa. Lakini upungufu huo hupimwa kwa kuuliza fani gani inakosa maneno gani, swali lenye jibu na lenye tiba. Tanzania ilipobadilisha sheria mwaka 2021 ili lugha ya mahakama iwe Kiswahili, kazi iliyobaki ilikuwa ya namna hiyohiyo: neno hili la sheria tuliiteje, hukumu hii tuiandikeje. Hakuna aliyehitaji kwanza kuthibitisha kwamba Kiswahili kimekishinda Kiingereza.

Walimu wenzangu, nina ombi moja, nalo halihitaji bajeti. Mtakaporudi darasani, chukueni ubao mchore safu. Ya kwanza iandikeni macho, kichwa, kucheka, mchanga, tatu. Ya pili waachieni watoto wa Kimvita na Kiamu, ya tatu watoto wa Kimijikenda, na safu ya nne iacheni wazi kwa mtoto aliyetoka Taita, au Mto Tana, au Kitui, au aliye na jamaa Ngazija. Waambieni wakaulize nyumbani, kwa watu wazima, na waandike kama wanavyosikia, hata kama tahajia itawasumbua. Wasiambiwe lipi ni sahihi. Waulizwe tu ni wapi safu zinakwenda pamoja na ni wapi zinaachana, na kama kuna mtoto ameleta neno ambalo halifuati njia ya mengine, hilo liandikwe kwa chaki ya rangi na liachwe ubaoni hadi siku ya pili, ili naye akaulize tena kwao.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.